Mguu Juu ya Spana

Vu-vu-vu-vu-vu.

Sauti ilifika kabla ya gari. Ilianzia kule kwenye kona ya duka la mkaa, nzito na ya haraka, kama mtu anayepiga godoro kwa ngumi. Kioo cha mlango wa nyuma kikaitikia kwa kutetema, kisha kimya. Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, sindano ikabaki imezama kwenye kola ya shati. Hakuhitaji kuchungulia dirishani. Mume wake amefika, gari bado bovu, na leo amekanyaga breki kwa hasira. Hilo la hasira lilimshtua, maana kwa wiki tatu sasa Dereva alikuwa akisimamisha gari kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Aliingia bila salamu. Akatupa funguo mezani, zikateleza, zikaangukia kwenye kikapu cha vipande vya nguo.

"Mke wangu, leo nimekalishwa kiti cha abiria."

"Na nani?"

"Na Muuguzi. Ndani ya gari langu mwenyewe. Amesimama pale getini kwa shule, amenyoosha mkono, 'Kaka, naomba funguo.' Ningefanyaje? Nimempa. Amezunguka nalo mtaa mzima, akifika kwenye mteremko anakanyaga breki, usukani unamchezea mikononi kama samaki. Walinzi wanatazama. Walimu wanatazama. Mimi nimekaa pembeni nimeshika mkoba wake."

"Mkoba wake?"

"Alinipa nimshikie!"

Mshonaji alitaka kucheka, akaumeza ule mcheko, haukuwa na pa kutokea. Huyo Muuguzi ndiye aliyewakusanya wazazi wenzake, wakakubaliana kumpa Dereva watoto wao watano, asubuhi kuwapeleka shule na alasiri kuwarudisha. Cherehani ilileta fedha siku ikitaka. Watoto wale watano walizileta kila mwisho wa mwezi, bila kukosa. Kodi ya vyumba viwili ilitoka kwao, na unga, na sukari.

"Amesema nini?"

"Amesema mwanawe ana mchezo mpya. Wakiwa kwenye gari, wote watano wanangoja nikanyage breki, halafu wanasema 'aaaa', sauti ikatikekatike, wanacheka mpaka machozi. Mtoto kaufanya mezani jana, mama yake akauliza umejifunzia wapi. 'Kwenye gari la mjomba.'" Dereva alivua viatu, kimoja kikaenda huku na kingine kule. "Jumatatu asubuhi ataliendesha tena. Likitetemeka, watoto wanahamia kwenye basi dogo la Kipara. Kipara mwenyewe alikuwepo pale, mbwa yule, anafuta vioo vyake huku anapiga mluzi."

Ilikuwa Ijumaa. Mshonaji akahesabu kimoyomoyo: Jumamosi, Jumapili, basi.

"Lipeleke kwa fundi mwingine," akasema.

Dereva alimtazama kama aliyetukanwa.

"Fundi mwingine? Shemeji yangu ana gereji, hachukui hata senti ya ufundi kwangu, mimi nipite mbele ya lango lake na gari langu niende kwa jirani yake? Kesho mtaa mzima utasema nini? Kwamba ndugu yako si fundi. Na nani atakuwa amesema? Mimi, niliyekula harusi yangu kwa mchango wake."

"Ameshabadilisha diski za breki mara mbili mwaka huu."

"Najua mara ngapi, nimezinunua mimi. Wiki ya kwanza gari linateleza kama hariri. Wiki ya tatu mtetemo huo. Nikimwuliza, anasema mguu wangu mzito. 'Shemeji, unakanyaga breki kama unaua nyoka.' Nimejifunza upya kukanyaga breki, mke wangu, mtu mzima mwenye leseni ya miaka kumi na minane! Nimefika mahali nikiwa peke yangu barabarani nautazama mguu wangu." Akainama kwenye kikapu kuzitafuta funguo. "Ni ndugu yako. Kesho twende wote. Ukali wako utasaidia."

* * *

Gereji ya Fundi ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, chenye mafuta yaliyozama ardhini mpaka udongo umekuwa mweusi na laini kama zulia. Mafundi wengine wawili walikodi kona zao humo, lakini lango lilikuwa la Fundi, na jina pia. Alikuwa mdogo wake Mshonaji kwa miaka sita. Alipokuwa kijana, watu walivuka mji kumletea magari yaliyowashinda wengine. Alikuwa akitega sikio kwenye injini, anakuambia ugonjwa kabla hujamaliza kueleza. Na alikuwa na maneno yake, ambayo aliyapenda kupita kiasi: "Nati niliyokaza mimi haifunguki ila kwa ruhusa yangu."

"Karibu shemeji! Karibu dada! Leo mmekuja na ujumbe mzima, nimekosa nini?"

"Gari," alisema Dereva.

"Gari halitetemeki, shemeji. Wewe ndiye unayetetemeka mbele ya yule muuguzi." Mafundi wa kona wakacheka. Habari ilishatangulia.

"Kosa moja haliachi mke, shemeji. Hili sasa ni la pili."

"Basi twende nilisikilize mwenyewe."

Waliingia watatu, Fundi kwenye usukani, Mshonaji nyuma. Kwenye barabara iliyonyooka Fundi aliongeza mwendo, akakanyaga breki. Usukani ukaanza kucheza, vu-vu-vu, mashavu ya Dereva yakacheza nao. Fundi akaongeza mwendo tena kidogo, safari hii akavuta breki ya mkono taratibu, mguu kauweka mbali. Gari likapungua mwendo, limetulia.

"Umeona? Breki ya mkono inashika nyuma, na nyuma kimya. Ugonjwa uko mbele, ndiyo maana unaupata usukanini. Ungekuwa nyuma, ungeusikia kwenye kiti." Alisema kwa utulivu, bila mzaha, na Mshonaji alimwona tena mdogo wake wa zamani. Akili ipo, akawaza. Basi kinachokosekana ni nini?

Waliporudi, Fundi alimtuma Dereva. "Nenda kwa yule muuza spea. Mwambie diski zake ni feki, zinapinda kama chapati. Arudishe fedha au atoe nyingine."

Dereva akatoka na risiti mfukoni, amekaza kifua kwa vita asivyovitaka.

* * *

Mshonaji alivuta kopo la rangi tupu, akakaa. Fundi akaweka spana ya gurudumu kwenye nati ya kwanza, akapachika bomba refu la chuma kwenye mpini wake, akapanda juu. Alisimama kwa mguu mmoja juu ya bomba, akaruka. Nati ikapiga ukelele. Akaruka tena. Ikaachia.

Nati ya pili alizungusha bila bomba, ikaja kama kifuniko cha chupa ya dawa.

"Mbona hiyo imekuja rahisi?"

"Nati hazifanani, dada."

"Umezikaza siku moja."

Ya tatu ilitaka bomba na kuruka mara tatu. Ya nne ilimtoka vidoleni, ikabingirika chini ya gari. Alipoiokota ikamtoka tena. Na hapo ndipo Mshonaji alipoacha kuzitazama nati, akatazama mkono. Mikono ndiyo kazi yake. Miaka ishirini ameishi kwa kutazama vidole vinavyoshika uzi. Mkono wa kulia wa mdogo wake haukuwa unashika. Mkono wa kushoto ndio uliovichukua vidole vya kulia, kimoja kimoja, ukavikunja juu ya spana, kama mama anayemvisha mtoto soksi.

Gurudumu likatoka. Fundi akakunja kipande cha waya, akakifunga kwenye springi, ncha yake ikawa karibu kabisa na uso wa diski, nafasi ya unywele tu.

"Zungusha diski, dada. Polepole. Mimi nasikiliza."

Alizungusha. Waya ukakwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza. Kwaru. Kimya. Kwaru. Ile sehemu moja ya diski ilikuwa inakuja mbele kila mzunguko, na sehemu ya pili yake inakimbia.

"Imepinda," alisema Fundi. "Feki. Nilisema."

"Itoe tuone nyuma yake."

"Nyuma kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuona."

Aliitoa kwa kuigonga nyundo kwa mkono wa kushoto. Nyuma yake, pale bamba la chuma linapobeba diski, kulikuwa na kutu, imeota mabaka mabaka kama koga kwenye mkate. Hata mshonaji aliona: kitu hakiwezi kukaa sawa juu ya vipele.

"Hii huwa haisuguliwi?"

"Husuguliwa. Kwa brashi ya waya."

"Mara zote mbili hukuisugua?"

"Brashi ya waya inataka mkono, dada!"

Neno lilishatoka. Lilisimama kati yao pale, na Fundi akalitazama kana kwamba limesemwa na mtu mwingine. Mshonaji alishusha sauti ili wale wa kona wasisikie.

"Nionyeshe."

"Rudi kwenye cherehani yako."

"Nionyeshe mkono, nimekuogesha mimi wewe."

Alimwonyesha. Kiganja kilikuwa kimekonda upande wa kidole gumba, na vidole vitatu vilikaa nusu vimekunjwa. "Ni ile jeki," alisema. "Mwaka jana. Iliteleza, nikawaambia imenichubua tu. Vidole vitatu havinisikii. Nikishika moto sijui, nikishika barafu sijui. Sasa nitakazaje nati? Nakaza kwa mguu. Mguu hauna macho. Moja naikaza mpaka inalia, ya pili naichoka." Akafuta uso kwa bega. "Usimwambie mumeo. Mtu akijua fundi hana mkono, anabaki fundi wa nini?"

"Nikivuta upindo upande mmoja, nguo nzima inakwenda kombo," alisema Mshonaji taratibu. "Ndivyo unavyofanya hapa?"

"Ndivyo. Unabana upande mmoja, diski inakaa mshazari kidogo tu. Siku ya kwanza husikii. Kila mzunguko pedi ya breki inailamba palepale. Baada ya wiki tatu nne, palepale pameshaliwa."

"Ulijua."

Fundi aliurudisha mkono mfukoni, akaitazama ile kutu.

* * *

Dereva alirudi na mkono mtupu na uso uliovimba kwa fedheha. "Ameniuliza mbele ya wateja: 'Hizo diski nimewauzia watu kumi na wawili, mbona ni wewe tu?' Wamecheka, shemeji. Mmoja ananiambia, 'Mzee, jaribu kununua baiskeli.' Hatoi nyingine. Nimechukua pea kwa ahadi, nikamwachia saa yangu, nikamlipe leo jioni. Ile fedha ya kodi, mke wangu. Itabidi."

Akaziweka chini diski mbili mpya, zinang'aa, zimefungwa karatasi ya mafuta.

Mshonaji alimtazama mdogo wake. Alimpa nafasi. Aliingoja kauli yake kama mtu anayengoja maji yachemke, na Fundi akainama, akaanza kuichana ile karatasi kwa meno.

"Sawa, shemeji," alisema Fundi. "Hizi ni nzuri. Hizi zitakaa."

Hapo Mshonaji alisimama, kopo likaanguka. "Zirudishe. Ukachukue saa yako."

"Unasemaje?"

"Diski za mwanzo hazikuwa na kosa, wala muuza spea, wala mguu wako. Mwambie, mdogo wangu. Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi nitasema kwa sauti."

Fundi alisema. Alisema akiwa ameitazama ardhi nyeusi, maneno machache, pamoja na ile nati iliyofunguka bila bomba, na alipofika kwenye vidole vitatu akauinua mkono waone. Wale wa kona walikuwa wameacha kugonga.

Dereva hakupiga kelele mara moja. Alikaa kwenye kizingiti cha gari lake, akaweka mikono kichwani.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu naendesha kama mwali. Magari yananipigia honi nyuma, matusi napewa, najiambia vumilia, mguu wako ni mbovu. Nilianza kuamini, shemeji! Na wewe upo hapa unacheka, 'unakanyaga kama unaua nyoka'!" Sasa alikuwa amesimama. "Na zile nati zilizolegea? Hii uliyoifungua bila bomba? Gurudumu lingetoka na watoto watano ndani, ningewaambia nini mama zao? Mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha nani kilikuwa kifichue chako, cha watoto wa watu?"

"Nipige, shemeji."

"Nikupige nikuvunje na huo mwingine?"

Mmoja wa wale wa kona akakohoa kicheko, akakimeza. Dereva akachukua zile diski mpya, akatoka nazo. Kwa dakika kadhaa Mshonaji hakujua kama mume wake atarudi, au ataondoka mazima na uchungu wake, gari likiwa juu ya mawe na siku zikienda.

Alirudi akiwa na saa mkononi.

"Fundi wa kerezo, yule mwenye mashine ya kuchonga vyuma, yupo mpaka saa nane," alisema, bila kumtazama shemeji yake. "Diski hizi za zamani zinafaa kuchongwa?"

"Zina unene wa kutosha," alijibu Fundi upesi. "Azichonge kidogo sana, uso uwe sawa. Mwambie asizidishe."

"Na nani atasugua na kukaza?"

Mshonaji alikuwa ameshafunga khanga kiunoni. "Lete hiyo brashi."

Alisugua. Kutu ilimwingia puani na kwenye kucha, jasho likamtiririka, na kola za mashati ya watu zilimngoja nyumbani na hazikumaliziwa siku ile. Fundi alichuchumaa pembeni yake akiwa na tochi, akionyesha kwa mkono wa kushoto. "Bado pale ukingoni. Pitisha kucha yako. Ukucha ukikwama, bado." Alisugua mpaka ukucha ukateleza. Wakahamia upande wa pili wa gari, ukawa vilevile.

Diski zilirudi zimechongwa, zinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Waya ukafungwa tena. Mshonaji akazungusha, Fundi akasikiliza kwa macho yaliyofungwa. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya kitupu.

"Sasa nati. Shika vizuri. Anza na ya juu, mkono tu, usitumie nguvu. Usimrukie jirani yake, nenda ng'ambo. Sasa rudi huku. Ng'ambo tena. Unachora nyota, dada. Zote zishike kidogo kwanza, kisha tunazirudia."

Dereva alikuwa ameazima kwa mtu wa matairi spana ya kipimo, ile inayolia *tik* nguvu ikitosha. Fundi hakuwahi kuitumia maishani. Alizoea kusema ni fimbo ya vipofu. *Tik*, ikalia kwa nati ya kwanza. *Tik*, ng'ambo.

"Basi. Hapo hapo," alisema Fundi kila mara, nukta moja kabla ya spana. Sikio lake lilikuwa limeshajua.

* * *

Jumatatu, jua halijapanda vizuri, Muuguzi alisimama getini kwa shule na sare yake nyeupe. Kipara alikuwepo upande wa pili na basi lake, anapiga mluzi. Dereva alitoa funguo kabla hajaombwa. Mshonaji na Fundi walikuwa kiti cha nyuma. Muuguzi aliwatazama kwenye kioo, akafunga mkanda.

Aliendesha mpaka kwenye mteremko. Akaongeza mwendo kuliko Ijumaa, akakanyaga.

Gari liliinamisha pua, likapungua, likasimama. Usukani ulilala mikononi mwake kama paka aliyeshiba. Akarudia, akarudia mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka mkoba wake ukaanguka kutoka kitini. Hakukuwa na mtetemo.

"Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Kaka, umenifurahisha. Watoto ni wako. Mlibadilisha nini? Diski?"

Dereva alifungua mdomo. Mshonaji aliona neno "diski" likimjia mume wake mdomoni, neno dogo lenye faraja, lingemaliza kila kitu pale pale. Alitaka alimeze. Alitaka pia alitamke, Mungu amsamehe, maana kodi ilikuwa keshokutwa.

"Hatukubadilisha kitu, mama," alisema Fundi kutoka nyuma. "Diski zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nakaza magurudumu kwa mguu, moja sana, moja kidogo. Huyu dada yangu ndiye aliyekaza safari hii."

Dereva alitazama mbele kama mtu anayesubiri hukumu. Muuguzi alizima gari.

"Kwa nini kwa mguu?"

Fundi akaunyoosha mkono katikati ya viti. Muuguzi aliushika, akageuza kiganja, akabonyeza ncha ya kidole kimoja kwa ukucha. "Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Kidogo. Kwa mbali."

"Kwa mbali si haba. Keshokutwa saa mbili uje zahanati, usile njama na nafsi yako ukasema umesahau. Huu mshipa ulibanwa, na ulitakiwa kuonwa mwaka jana." Aliuachia mkono. Akawageukia wote watatu, na tabasamu lilikuwa limeondoka. "Watoto watapanda gari hili. Lakini kila Ijumaa nataka huyu dada azipitie nati, mbele yangu. Na wewe, fundi. Hayo magari mengine uliyokaza kwa mguu yako wapi?"

Fundi alitazama nje. Kipara alikuwa anaingiza basi lake barabarani, tupu.

"Nikiwapigia, mama, nimefunga gereji yangu mwenyewe."

"Mdogo wangu," alisema Mshonaji.

Fundi alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya goti, akatafuta jina kwa kidole gumba cha kushoto, polepole. Kulikuwa na majina mengi. Alianza na Mwalimu Mstaafu, aliyekuwa amemfungia magurudumu ya mbele wiki iliyopita, na aliyesema anasafiri leo na wajukuu. Simu iliita, ikaita. Ikapokewa.

"Shikamoo mwalimu. Mmeshaondoka? ... Alhamdulillahi. Msiondoke. Sikiliza mwalimu, usiliwashe hilo gari, hata kulisogeza kivulini. Nililikaza vibaya. ... Ndiyo, mimi. ... Hapana, sijalewa." Sauti ilimtetemeka kidogo, akaikaza. "Nakuja sasa hivi na dada yangu. Tutazifungua zote mbele ya macho yako na tutazikaza upya, na sitachukua hata senti. Nakuahidi, mwalimu, gurudumu lako halitaguswa tena na mguu wangu."